Mikono Iliyokwenda Ufipa

1

Lameki alipofika na mkono wangu, nilikuwa nachambua maharage kwenye ungo. Aliulaza juu ya kigoda, akafungua blanketi lililouviringa, akarudi nyuma kidogo kama mtu aliyeleta mgonjwa. Ulikuwa mkono wa kulia, wa chuma na mpira mweusi, umeishia kwenye kiwiko. Vidole vyake vilikuwa vinene kuliko vyangu, lakini jinsi vilivyolala, gumba limejificha chini ya kidole cha shahada, ndivyo vyangu vinavyolala nisipokuwa na kazi.

Mama mkwe wangu, Mama Erasma, alikuwa mkekani akinyoosha mguu wake mbovu. Aliutazama ule mkono, akanitazama mimi, akasema jambo kwa Kimatengo. Lameki akataka kujua amesema nini. Nilimjibu kwamba amekaribishwa.

"Huu ni wa mfano tu, dada Otilia," alisema. "Inayofanya kazi iko kule kule Ufipa. Huu nimeuleta kwa ajili ya kupeana mkono."

Nilijua siku hiyo itafika. Sheria inasema nakala ya mwili wa mtu ni mali ya mtu mwenyewe, hata ikiwa ndani ya mashine. Ofisi ya Mzani inaazimwa kwa muda, na muda ukiisha lazima mwenye mwili aulizwe upya, nyumbani kwake, mbele ya watu wake. Akikubali, anashikana mkono na mkono wake. Akikataa, nakala inafutwa mahali pote siku ile ile, na hakuna ruhusa ya kumuuliza sababu.

Lameki, mjumbe wa Mzani, hakuwa mtu mbaya. Kila alipopita Lituwi alimletea Mama Erasma dawa ya kuchua. Alisema nisiwe na haraka, muda unaisha kesho, atalala parokiani mpaka niwe tayari, kisha akanywa uji wetu na kusifia maharage niliyokuwa nachambua. Maharage yenyewe yalikuwa ya Ufipa. Yalikuja na gari la mgawo kama yanavyokuja kila mwezi, kwenye magunia yenye alama ya Mzani, na mashimo ambako yaliota yalichimbwa na mikono yangu, ingawa mimi Ufipa sijafika.

Asiyetoka kwetu atasumbuka kuelewa nisipoeleza ngoro, mashimo yetu ya kulimia. Milima ya Umatengo imesimama. Ukilima matuta, mvua kubwa moja inabeba udongo wako wote hadi mtoni. Kwa hiyo wazee wa zamani waligundua mashimo. Mwanamume anafyeka majani, anayaacha yanyauke, kisha anayatandika kwa mistari inayokatana mpaka mlima mzima unaonekana umevikwa wavu. Mwanamke anakuja nyuma yake na jembe. Anachimba katikati ya kila tundu la ule wavu na udongo anaufunika juu ya majani. Panabaki shimo, na pembeni mwa shimo ukingo mnene ambao majani yanaozea ndani yake. Maharage yanapandwa kwenye ukingo. Mvua ikija inaingia mashimoni na kutulia, mlima unabaki pale ulipo. Mwanamume hachimbi na mwanamke hatandiki. Ndivyo nilivyokuta.

Watu wa Mzani walikuja na glavu nyepesi zenye nyuzi ndani, wakawavalisha wanawake wa Lituwi, wakatuambia tuchimbe kama siku zote. Mlima wetu ulikuwa umetandikwa na mume wangu Osmundi asubuhi ile. Baadaye walijaribu kuchanganya mikono ya wote ndani ya mashine moja, mashine ikawa inasitasita juu ya kila shimo, kama mtu anayeitwa na watu wengi kwa wakati mmoja. Ikabidi wachague mikono ya mtu mmoja. Wakachagua yangu, mimi ambaye hata wakati wa kupiga picha nilikuwa nasimama nyuma ya wenzangu. Nilipewa zulia, redio, na posho ndogo ya kila msimu. Wenzangu walipiga vigelegele na mimi nikaingia ndani.

Hatukujua kwamba tulikuwa tunayaaga maharage.

Mzani unapima nchi nzima kila msimu: udongo, mvua, umbali wa reli, ujira wa watu, njaa ya miji. Ukimaliza unasema zao gani likalimwe wapi ili wote wale kwa gharama ndogo. Viazi vilikusanywa Njombe, alizeti ikaenda Singida, mpunga ukabaki Kilombero peke yake. Siwezi kusema Mzani unadanganya. Tangu uanze hakuna mtoto aliyelala na njaa, hata kule ambako mvua ilikataa. Lakini Ufipa ina milima mipana, ina reli mpya, na sasa ilikuwa na mashine zinazochimba kama Mmatengo bila kuchoka. Maharage yakahamishiwa huko. Milima yetu tukaambiwa iote miti na kutunza maji.

Zao likihama, watu wake wana haki ya kulifuata. Osmundi alilifuata. Wanaofuata zao wanaishi kambini bila familia, na mimi sikuweza kuondoka kwa sababu ntambo, yaani mlima wa ukoo mzima, ukikosa mwanamke wa kuchimba hata kipande kidogo unaandikwa kuwa ardhi iliyolala, na miti inafika mpaka mlangoni. Mama Erasma alikuwa na ule mguu. Nikabaki.

2

Jioni tulikula pamoja kama kawaida ya sengu, watu wote wa ntambo mmoja kwenye uwanja wa nyumba kubwa, wanaume sinia lao na wanawake letu. Zamani uwanja ulikuwa unajaa. Siku hizi sinia moja linabaki na ugali.

Baba mdogo Hugo, ambaye hana jino la mbele na hana aibu, aliomba aushike ule mkono. Akaugeuzageuza.

"Otilia, mkono wako una kazi ya serikali, unapanda treni, unakula Ufipa," alisema. "Uulize kama umeoa."

"Ni mkono wa mwanamke, baba mdogo," mtu alimwambia.

"Basi uulize kama umeolewa. Mimi nipo."

Watu walicheka, na mimi nikacheka nikitazama chini. Kisha mzaha ukaisha. Wakamuuliza Lameki ni nini kitatokea mikono ikifutwa.

Alieleza taratibu, bila kuficha. Bila mikono yangu, mashine za Ufipa zitarudi kulima matuta, mavuno yatashuka, na Mzani utapima upya. Kwa hesabu za sasa, mahali panapofuata kwa unafuu wa maharage ni Umatengo. Kwa hiyo yatarudi, na waliokwenda nayo watakuwa na haki ya kurudi nayo.

Nilisikia mtu akiweka kikombe chini. Kisha wakaanza kuzungumza wote, nani atarudi, nyumba ya nani iezekwe upya, mlima gani uanze. Mama mmoja alianza kulia kwa sababu ya mwanawe, akajifuta na upande wa kanga akisema ni moshi, na moto ulikuwa umeshazimika.

Niliuliza kwa sauti ndogo kwa nini sisi ndio tunaofuata kwa unafuu. Ikabidi Lameki aniombe nirudie. Alisita, akasema ni kwa sababu kuchimba kwetu hakuna gharama. Wakati wa hesabu ya kwanza wanawake waliulizwa wanalipwa kiasi gani kuchimba ngoro, nao wakajibu hakuna.

Niliikumbuka siku ile. Tuliona tumetukanwa. Nani anamlipa mwanamke achimbe mlima wa nyumbani kwake? Mama Erasma ndiye aliyejibu kwa niaba yetu, akiwa amenyoosha shingo, kwamba sisi si vibarua. Na yule karani akaandika sifuri. Sasa niliwatazama wanawake waliokuwa wamekaa kuzunguka sinia. Kila mmoja alikuwa na kitu kinachomuuma, mgongo, nyonga, macho. Mlima wote ungekuwa wao na mimi, kwa ile sifuri.

Hilo halikumsumbua Mama Erasma. Alisubiri wengine wamalize, kisha akasema na mimi mbele yao, bila kupandisha sauti.

"Mkwe, mimi nataka kumwona mwanangu akitandika majani kwenye mlima wa baba yake. Sina neno lingine."

Mimi pia nilitaka. Osmundi alikuwa anapiga simu Jumapili, anauliza habari za mguu wa mama, anauliza mbuzi, anauliza kama bomba linatoa maji. Mambo mengine hatukujua kuyasema kwenye simu. Kuna wakati niliweka shati lake juani lipigwe na jua, silifui, ili lisiishe ile harufu, mpaka harufu ikawa ya jua tu.

Nilimwambia Lameki nitampa jibu kesho. Kisha, kwa kuwa watu walikuwa wameanza kuondoka na hawakunisikiliza tena, nikamuuliza kama naweza kuiona mikono yangu ikifanya kazi.

Alinitazama kama nimemwomba kitu cha ajabu. Alisema sheria inaruhusu. Alisema pia kwamba katika watu wote aliowahi kuwafikia, hakuna aliyewahi kuomba.

3

Asubuhi alinikalisha uani, akanivalisha miwani mizito na glavu. Alinieleza kwamba nitaona na kusikia, na mkono wangu utahisi kile ambacho mkono wa mashine unahisi. Kusema siwezi, kwa sababu mashine haina sauti. Nikamwambia hilo halina shida.

Kwanza nilikuwa gizani, kisha nikawa juu, kama nimepanda mgongo wa ng'ombe mrefu sana. Upepo wa Ufipa ulikuwa unapiga. Mbele yangu kulikuwa na milima ya mviringo, mipana, yenye udongo mwekundu kuliko wetu, na karibu yote, mpaka macho yanapoishia, ilikuwa imejaa ngoro.

Nina tabia moja. Nikimaliza shimo, napiga ukingo kwa mgongo wa jembe, mara mbili, pa pa. Haisaidii kitu. Ni kama mtu anayempiga mtoto mgongoni baada ya kumnyonyesha. Niliona alama hiyo kwenye kila ukingo wa kila shimo la kila mlima, na nikaona haya, kama mtu aliyesikia watu wengi wakirudia neno alilolisema usingizini. Mashine ilichimba, ikafunika, ikapiga pa pa, ikasogea. Mashine nyingine upande wa kushoto ikapiga pa pa. Ng'ambo ya bonde nako nikaona majembe yakinyanyuka.

Chini ya mteremko kulikuwa na kijiji. Mabati, migomba michache, moshi wa asubuhi. Lameki alisema kinaitwa Kafinga.

Ndipo nilipomwona mtu mbele ya mashine. Alikuwa amenipa mgongo. Alibeba mzigo wa majani begani, akautupa chini, akausambaza kwa teke la mguu wa kushoto, kisha akainama kunyoosha kwa mikono. Sikuhitaji kuona uso. Kuna mtu mmoja tu duniani anayesambaza majani kwa teke, na mama yake alimgombeza kwa hilo tangu utotoni.

Kwenye simu alikuwa ameniambia yuko kikosi cha majani. Nilidhani wanafyeka na kupeleka mahali fulani. Lameki, ambaye nilikuwa nasikia sauti yake sikioni, alieleza kwamba kutandika kumewashinda mafundi. Upepo unabadilika, majani hayafanani, na mikono yangu isipokuta majani yametandikwa vile ilivyozoea inachimba hovyo. Kwa hiyo wakachukuliwa wanaume wa Umatengo watangulie mbele ya mashine.

Kwa hiyo siku zote hizo Osmundi alikuwa anatandika, na mimi nilikuwa nachimba nyuma yake. Yeye alilijua. Kila siku alikuwa anasikia ile pa pa mgongoni kwake, na Jumapili anaulizia mbuzi.

Nikamwomba Lameki aniachie mkono. Alikataa. Nikamwomba tena. Baada ya muda nilihisi glavu imekuwa nyepesi, na mashine ikasimama ikinisubiri.

Osmundi alikuwa anapanua mistari. Ni kasoro yake ya siku zote: akitaka kumaliza haraka anaacha matundu makubwa, na anayeumia ni mwanamke anayekuja kuchimba. Kwetu mwanamke haruhusiwi kumgombeza mumewe kwenye mlima. Anachoruhusiwa ni kuokota bonge la udongo laini na kumtupia mgongoni, naye haruhusiwi kukasirika. Anarudi, anabana mistari, basi.

Nikaokota bonge. Vidole vya mashine vilikuwa vizito lakini vilinitii. Nikalirusha. Likampata katikati ya mabega.

"Haya, haya, nimesikia," alisema bila kugeuka, akainama, akaanza kuyasogeza majani yakaribiane. Alisogeza mstari wa kwanza. Alipofika wa pili mikono yake ikasimama.

Aligeuka polepole. Amekonda. Ndevu zimekuja na mvi kidogo upande mmoja. Aliitazama ile mashine, kuanzia magurudumu mpaka juu ambako nadhani macho yangu yalikuwa.

"Oti?"

Nilifungua vidole na kuvifunga. Sikujua kingine cha kufanya.

Akaja. Aliushika ule mkono kwa mikono yake miwili, na kwenye glavu nikahisi kukandamizwa, bila joto, kukandamizwa tu. Akachomoa shati lake kwenye suruali, akaanza kufuta udongo kwenye vidole, kimoja kimoja, kama alivyokuwa akinifanyia mtoni tukimaliza kazi.

"Nimesikia wamekuja kukuuliza," alisema. "Mimi usiniulize, Oti. Ukiniuliza, nitakwambia ninachotaka mimi."

Nikakaza vidole. Alielewa kwamba nataka aendelee.

Alitazama chini, kule Kafinga, na maneno yakamtoka taratibu. Mlima mmoja ng'ambo ya kijiji, alisema, hauna ngoro. Mwaka juzi walikosa mashine za kutosha wakaulima matuta, na mvua ilipokuja ulishuka. Ulifunika nyumba wakati watu wanakula. Yeye alikuwa miongoni mwa waliochimba kuwatoa, na hawakuwatoa wote. Sasa mlima huu tuliposimama umeshafyekwa. Hauna mti, hauna jani lenye mzizi. Mikono ikifutwa leo, mashine zitapiga matuta, maana mbegu imeshaletwa na amri ya msimu imeshatoka. Nyumba ya kwanza chini hapa ni ya mama mmoja anaitwa Nasikia, anayewapikia watu wa kambi. Ana wajukuu watatu. Mdogo anamwita Osmundi babu, jambo linalomuudhi.

"Sijakwambia ili ufanye lolote," alisema. "Nimekwambia kwa sababu ungekuwa hapa ungeona mwenyewe."

Mtu alimwita kutoka juu, kwa ukali. Osmundi akauachia mkono. Alirudi kwenye majani yake, na kabla hajainama akageuka kidogo.

"Sasa nimebana?"

Nikanyanyua jembe. Nilichimba nyuma ya mume wangu mstari mmoja, kisha mwingine, na mwingine, pa pa, yeye hakugeuka tena na mimi sikutaka ageuke. Mgongo wake ulikuwa karibu kiasi cha kuugusa. Lameki aliniambia inatosha. Nikajifanya sijasikia. Akaniambia tena, na mara ya tatu akanivua miwani yeye mwenyewe, na nikakuta nimepiga magoti uani kwetu, mkono ukiwa hewani, kuku wakinizunguka.

4

Mama Erasma alikuwa ananitazama kutoka mkekani. Sijui alikuwa amekaa hapo muda gani.

"Umemwona."

"Nimemwona, mama."

"Anatandika vizuri?"

"Anapanua."

"Alikuwa hivyo tangu mdogo," alisema, akageuza uso.

Nilikaa karibu na mguu wake nikamweleza yote, na kwangu hayo yalikuwa maneno mengi. Nilimweleza mlima uliofyekwa, mama anayeitwa Nasikia, na wajukuu. Nilimweleza kwamba yakirudi, maharage yatatukuta wanawake wachache wenye migongo mibovu, na kwamba Mzani umetuandika kuwa hatuna bei. Alisikiliza. Nilipomaliza aliuliza kama hakuna namna ya kungoja, mlima ule ukavunwa kwanza halafu ndiyo nifute. Nilikuwa nimeshamuuliza Lameki. Muda wa kuulizwa ulikuwa unaisha siku hiyo, na ukikubali umekubali mpaka kuulizwa kwingine, miaka mingi mbele. Tulijua wote wawili, bila kusema, kwamba yeye kuulizwa huko hatakuona.

"Wale nao ni watu," alisema. "Sijasema si watu. Lakini Mungu hakuniuliza mimi nizae wa Kafinga. Alinipa Osmundi."

Nilichukua dawa ya Lameki nikaanza kumchua mguu.

"Na wewe unamtaka?" aliuliza. "Au umezoea?"

"Namtaka, mama."

"Basi sikuelewi."

Alijiinua kwa kushika ukuta, akakataa nimsaidie, akaingia ndani. Nilisikia kitanda kikilia.

Watu wa ntambo waliitwa, kwa sababu lazima washuhudie. Walikuja wakiwa wamevaa vizuri. Baba mdogo Hugo alikuwa amevaa koti, na nilielewa kwamba walikuja kusikia nikikataa. Lameki aliusimamisha mkono juu ya kigoda, kiganja kikitazama juu, akaniuliza kwa sauti ya kazi: Otilia Kapinga, mikono hii ni yako, unaiazima tena kwa nchi?

Nilifikiria mgongo wa Osmundi. Nilifikiria angekuja kupitia njia ya kanisani, na ningemwona toka mbali kwa ule mwendo wake, na ningejifanya nachota maji. Niliiona siku hiyo yote mpaka mwisho. Kisha nikanyoosha mkono wangu nikaushika ule mwingine.

Ulikuwa wa baridi. Nilipokaza, nao ukakaza, kwa nguvu ile ile, wala haikuzidi wala haikupungua. Taa ndogo ikawaka kwenye kiwiko.

Hakuna aliyenitukana. Ingekuwa nafuu. Walikunja viti walivyokuja navyo, wakaondoka kila mtu na njia yake, na jioni kwenye sengu walinisogezea bakuli la mboga kama anavyosogezewa mgeni, kwa adabu. Baba mdogo Hugo alikula bila mzaha wowote. Mama Erasma hakutoka. Nilimpelekea chakula chumbani, akakipokea kwa mikono miwili na kuniambia ahsante, na hakuwahi kuniambia ahsante kwa chakula tangu niolewe.

5

Jumapili Osmundi alipiga simu baada ya misa. Nilitoka nayo nje, nikasimama ukutani kwenye kivuli.

Hakuuliza mguu. Hakuuliza mbuzi.

"Wametuambia umetoa mkono," alisema.

"Nimetoa."

"Mama je?"

"Mama amekasirika. Anakula, lakini amekasirika."

"Mama Nasikia amepika kuku leo. Amesema nikusalimie. Amesema mikono yako ni mizuri lakini inapiga kelele, pa pa mchana kutwa." Alicheka kidogo, na mimi nikacheka kidogo. "Umefanya vizuri, Oti. Umefanya jambo zuri."

Nilisema ndiyo. Nilisikia upepo wa Ufipa ukipita kwenye simu, nikasikia na mtoto akiita kwa mbali. Nilidhani ameiweka simu kando. Nilitaka kuita jina lake, ndipo akasema, na sauti yake haikuwa ile aliyoanza nayo.

"Nilikuwa nimeshafunga mzigo."

Niliegemea ukuta. Ulikuwa wa moto kwa jua.

"Nilidhani utakataa," alisema. "Nilikwambia yale yote, ni ya kweli, lakini niliporudi kambini nilifunga mzigo. Sikuweza kujizuia. Nikasema atakataa, ni mke wangu, atakataa. Nimelala na viatu karibu na kitanda tangu siku ile."

Ningeweza kumwambia kwamba nilimwona akija kwa njia ya kanisani. Ningeweza kumwambia habari za shati. Nilifungua mdomo, na maneno hayo yalikuwepo, lakini yangemfanya abebe ule mzigo na kuja kwa miguu, na nyuma yake mlima umefyekwa hauna wa kuutandika.

"Uko wapi huo mzigo?" niliuliza.

"Hapa mlangoni."

"Ufungue."

Nilisikia viatu vyake vikisogea.

"Ufungue, Osmundi. Toa shati la kazi. Mvua haziko mbali."

Nilimsikia akivuta pumzi. Nilisikia simu ikiwekwa chini, juu ya mbao nadhani, kisha kamba ikihangaika kwenye fundo lililokazwa sana. Ilichukua muda. Halafu nikasikia vitu vikitolewa, kimoja kimoja, na kuwekwa. Sikukata simu mpaka alipomaliza.